Tuanze na Kazi, Si na Majina: Maoni Juu ya Kuanza Kufundisha Picha Zinazotembea kwa Kompyuta

Katika ziara zetu za kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tumeyaona masomo mengi ya TEHAMA. Moja kati ya hayo limetukaa moyoni kwa muda mrefu. Ilikuwa katika shule moja ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Tabora, darasa la tano, wanafunzi arobaini na watano, kompyuta moja. Mwanachuo alikuwa amejitayarisha kwa bidii. Alichora ubaoni dirisha zima la programu ya kutengenezea katuni, akaandika majina kumi na saba ya sehemu zake, na wanafunzi wakayanakili katika madaftari yao kwa hati nzuri. Alipouliza maswali alijibiwa vizuri. Dakika arobaini zilipokwisha, aliandika katika andalio lake kwamba lengo la somo limefikiwa.

Tulipokuwa tukitoka, mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ameketi dawati la nyuma alimfuata mlangoni akamwuliza kwa adabu: "Samahani mwalimu, vile vidirisha vinafanya kazi gani?"

Mwanachuo alimtazama mtoto, kisha akatutazama sisi. Nasi hatukuwa na la kumwambia, kwa sababu chuoni tulikuwa tumemfundisha hivyo hivyo. Tulimpa majina, naye akayafikisha darasani kama tarishi mwaminifu. Makala haya tunayaandika kwa kuwa tunaamini kosa lile lilikuwa letu kwanza, na kwa kuwa ninyi, ndugu wanachuo, mtakaoingia madarasani mwaka huu na mwaka ujao, mnaweza kuliepuka.

Maoni yetu ni haya. Mwalimu anayetaka kuwaanzisha watoto katika programu ya kutengenezea picha zinazotembea asianze na dirisha la programu. Aanze na kazi moja ndogo ambayo mtoto anaitamani, kisha kila sehemu ya dirisha iitwe kwa jina siku ile inapohitajiwa. Aidha, kazi hiyo yafaa itoke katika mazingira ya mtoto mwenyewe. Hapa kwetu Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta, kwa maana njia ya misafara ilipita papa hapa tunapokanyaga.

Uwanja wa kazi ni nini?

Kabla ya kuendelea, tueleze tunazungumzia kitu gani. Uhuishaji ni ufundi wa kuzipa picha uhai. Mchoraji huchora picha nyingi zinazotofautiana kidogo kidogo, kisha huzionyesha moja baada ya nyingine kwa haraka, na jicho la mtazamaji huziunganisha likaona mwendo. Katika sinema, kawaida huonyeshwa picha 24 kwa kila sekunde. Kwa kazi ya shule picha 12 zatosha kabisa, na hata 4 zinaweza kuonyesha mtu anayetembea.

Programu ya kutengenezea picha hizo, unapoifungua, hukuwekea mbele yako uwanja wa kazi. Programu hizi ni nyingi na sura zake hutofautiana, lakini zile zinazofuata utaratibu wa kuchora huwa na mambo manne makubwa. La kwanza ni jukwaa, yaani nafasi nyeupe ambayo kitakachoonekana humo ndicho atakachokiona mtazamaji. La pili ni sanduku la zana: kalamu, kifutio, ndoo ya rangi, mshale wa kuchagulia. La tatu ni mstari wa wakati, ambao aghalabu hukaa chini ya jukwaa. Huo umegawanywa katika visanduku vidogo viitwavyo fremu, na kila fremu ni kitambo kimoja cha wakati. La nne ni tabaka. Hizi ni kama karatasi za plastiki zinazopenya nuru, zilizolazwa moja juu ya nyingine, ili mti uchorwe katika tabaka yake na mtu anayepita mbele ya mti achorwe katika tabaka nyingine. Programu ya Pencil2D, ambayo hutolewa bure, imepangwa kwa namna hiyo.

Yako pia mapangilio mengine. Programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya watoto, haina mstari wa wakati. Ina jukwaa, ina wahusika, na kila mhusika ana mavazi yake, yaani sura mbalimbali za mwili wake. Mtoto humwamuru mhusika kwa kuunganisha vipande vya amri kama anayejenga kwa matofali: badili vazi, ngoja kidogo, sogea mbele, rudia. Nayo hutolewa bure, yaweza kuwekwa katika kompyuta isiyo na intaneti, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake.

Mwanachuo atakayeyaelewa mambo haya katika misingi yake ataweza kuketi mbele ya programu yoyote asipotee. Lakini angalieni: tumeyaeleza kwenu ninyi mlio watu wazima, mnaojitayarisha kuwa walimu. Hatukusema kwamba mtoto wa darasa la tano aelezwe hivyo siku ya kwanza.

Majina hupita, mazoea ya kazi hubaki

Tunayo sababu ya kutoyathamini mno majina. Kwa miaka mingi, programu iliyojulikana sana duniani kwa kutengenezea katuni za kompyuta ilikuwa Flash. Watu wengi walijifunza vidirisha vyake kimoja kimoja, vitabu vinene vikaandikwa, na mitihani ikatungwa. Mwaka 2016 programu hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Animate. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kukihudumia kichezeshi cha Flash, na kazi nyingi zilizotegemea kichezeshi hicho zikawa hazifunguki tena kwa njia ya kawaida.

Ni nani waliopata hasara? Ni wale waliokuwa wamekariri. Yule aliyekuwa amejifunza kupima mwendo, kujua mguu unyanyuke kwa fremu ngapi na mwili uiname kiasi gani mzigo unapokuwa mzito, alihamia programu nyingine akaendelea na kazi. Ujuzi wake ulikuwa mkononi na machoni. Kama tunawafundisha watoto wa leo, ambao watakuwa wazalishaji mali miaka kumi na mitano ijayo, kwa nini tuwape kile kitakachochakaa kwanza?

Somo la kwanza lianzie kwenye daftari

Kwa maoni yetu, somo la kwanza la uhuishaji halihitaji umeme. Kila mtoto achukue daftari lililokwisha kujaa, na katika pembe ya chini ya kila ukurasa achore kitu kimoja kinachosogea kidogo kidogo: mpira unaodunda, jua linalochomoza, embe linaloanguka kutoka mtini. Kurasa ishirini zatosha. Kisha azishike kurasa kwa kidole gumba na kuziachia haraka haraka. Tumewaona watoto wakipiga kelele za furaha kwa kazi hiyo, na tumewaona wakirudi wenyewe kurekebisha ukurasa mmoja kwa kuwa embe "limeruka".

Hapo ndipo mwalimu anapopata nafasi yake. Akiuliza, "Ukurasa mmoja tuuite nini?" watoto watatoa majina yao, naye atawaambia kwamba katika kompyuta huitwa fremu. Akiuliza, "Kurasa zote kwa mfuatano tuziite nini?" atawafikisha kwenye mstari wa wakati. Akiwaonyesha jinsi karatasi nyepesi inavyoruhusu kuiona picha ya ukurasa uliotangulia, atakuwa amewafundisha bila tabu kazi ya kile kitufe kinachoonyesha kivuli cha picha iliyopita. Watoto hawa watakapofika mbele ya kompyuta hawatakutana na dirisha geni. Watakutana na daftari lao katika umbo jipya.

Hata hesabu imo humo. Embe lianguke kwa sekunde mbili, kwa fremu 12 kila sekunde: tunahitaji picha ngapi? Msafiri atembee kwa sekunde kumi, na kila picha yake ikae kwa fremu tatu: atabadili sura mara ngapi? Mtoto anayejibu 24 na 40 amekwisha kuzidisha na kugawanya kwa sababu yeye mwenyewe anahitaji jibu.

Msafara wa Unyanyembe

Sasa tuseme juu ya kazi yenyewe. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta katika shule zetu somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa Tabora analo hazina. Katika karne ya 19, Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikubwa katika njia ya misafara ya kati. Kutoka hapa njia moja ilielekea magharibi kupita Uvinza penye chumvi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa mashariki, njia ilipita Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya hadi Bagamoyo. Kutoka Ujiji hadi pwani ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki zikapanda bara. Kwa njia hiyo hiyo walipelekwa pwani watu waliotekwa utumwani. Kwihara, nje ya mji, ndiko ilikokuwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ilihamia katika mabehewa na miguu ya wapagazi ikapumzika. Lakini miembe ya mji wetu ingali ikitukumbusha misafara ile.

Mtoto wa Tabora akiambiwa atengeneze picha inayotembea, afanye nini kilicho bora kuliko kuutembeza tena msafara huo? Mpagazi ni mtu anayetembea, na kutembea ndiko zoezi la kwanza la mchoraji yeyote wa picha zinazotembea. Ana mzigo, nao mzigo hubadili mwendo: anayebeba kilo thelathini begani hatembei kama anayekwenda kisimani na ndoo tupu. Mbele yake yuko kirangozi, kiongozi wa njia mwenye bendera. Nyuma wako wake na watoto waliofuatana na waume zao. Msafara ukielekea pwani lazima uvuke jukwaa kutoka kushoto kwenda kulia, kama ramani inavyotaka. Ukirudi Ujiji uende kulia kwenda kushoto. Hapo somo la ramani limeingia bila kubisha hodi.

"Mbona wote ni mtu mmoja?"

Hata hivyo, hatuna budi kuungama kosa letu la pili, ambalo lilitufundisha zaidi kuliko la kwanza.

Baada ya ziara ile tuliyoieleza, tuliamua kutengeneza mfano wa kuwaonyesha wanachuo. Tulimchora mpagazi mmoja kwa uangalifu mkubwa, tukamtembeza vizuri, kisha tukatumia uwezo ambao programu hizi zote zinao: tukamnakili. Kwa dakika chache mpagazi mmoja akawa thelathini. Tulifurahi sana. Msafara ulikuwa mrefu, mwendo ulikuwa safi, na kazi ilikuwa kidogo. Tulipeleka picha hiyo katika shule moja, tukaionyesha kwa watoto wa darasa la sita, nao wakapiga makofi. Kisha mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu," akasema, "mbona wote ni mtu mmoja?"

Tulianza kumweleza juu ya kunakili na kuokoa muda. Alisikiliza kwa heshima, lakini tuliona kwamba hakuridhika, na kadiri tulivyoendelea kusema ndivyo na sisi tulivyoacha kuridhika. Kwa maana ndivyo vitabu vingi vilivyowatendea wapagazi. Burton na Speke wana majina. Stanley na Livingstone wana majina. Wapagazi ni "wapagazi", umati wenye sura moja unaobeba masanduku. Wachache tu waliponyoka: Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza wageni kadhaa kuanzia safari ya Burton na Speke iliyofika Tabora mwaka 1857, Chuma na Susi, waliokuwa pamoja na wenzao walioubeba mwili wa Livingstone kutoka alikofia mwaka 1873 hadi pwani. Waliosalia walinakiliwa. Sisi nasi, kwa zana ya kisasa, tukawa tumewanakili tena, tena mbele ya watoto ambao yamkini ni wajukuu na vilembwe wao.

Liko jambo jingine ndani ya hilo. Katika picha yetu hatukuwa tumetofautisha mpagazi na mtumwa. Watu wote walikuwa na mizigo, watu wote walitembea kwa mstari. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa ujira. Walikubaliana malipo yao, walijivunia kazi yao na nguvu zao, na waliweza kuutupa mzigo wakaenda zao kama hawakutendewa haki. Waliofungwa minyororo walikuwa watu wengine, nao mateso yao yasifunikwe. Mtoto akiwaona wote kwa sura moja, ataondoka na moja kati ya makosa mawili: ama kudhani kwamba babu zake wote waliokwenda pwani walikuwa watumwa, ama kudhani kwamba utumwa ulikuwa safari ya kawaida yenye nyimbo. Picha inayotembea ina nguvu ya kusadikisha kuliko maneno ya mwalimu, na kwa hiyo kosa lake hukaa muda mrefu zaidi.

Kompyuta moja, watoto arobaini na watano

Swali la mvulana yule lilitupa pia jawabu la tatizo ambalo kila mwalimu hulilalamikia. Tumezoea kusema: tutafundishaje uhuishaji kwa kompyuta moja? Tulikuwa tukiuona wingi wa watoto kuwa kikwazo. Lakini kama wapagazi wasiwe mtu mmoja, basi tunahitaji wachoraji wengi, na darasa letu linao arobaini na watano. Darasa lenyewe ndilo msafara.

Tumejaribu utaratibu ufuatao pamoja na baadhi ya wanachuo, nao twaupendekeza kwenu.

Kwanza, kila mtoto amchore mtu mmoja katika msafara. Aamue ni nani, ana umri gani, amebeba nini, ametoka wapi, na kama yumo kwa hiari yake au la. Kama yuko babu au bibi nyumbani anayejua habari, aulizwe.

Pili, mtu huyo achorwe mara mbili katika karatasi nyeupe isiyo na mistari, kwa kalamu nyeusi: mara moja mguu wa kulia ukiwa mbele, mara ya pili mguu wa kushoto. Kwa watoto 45 tutapata picha 90.

Tatu, mwalimu azipige picha hizo kwa simu yake, kwenye mwanga wa mchana, bila kivuli cha mkono, kisha aziingize katika kompyuta. Hiyo ni kazi ya jioni mbili, wala tusidanganyane kwamba ni ya dakika tano.

Nne, darasa ligawanywe katika vikundi vitano vya watoto tisa. Kila kikundi kije kwenye kompyuta kwa zamu, huku vikundi vingine vikichora mandhari, vikiandika maelezo ya watu wao, au vikifanya mazoezi ya kuyasoma kwa sauti. Katika Scratch, kila mchoro wa mtu unakuwa mhusika mwenye mavazi mawili. Amri ni chache: badili vazi, sogea mbele hatua 6, ngoja robo sekunde, rudia. Jukwaa la Scratch lina upana wa vipimo 480. Kwa hiyo mtu atalivuka kwa kubadili sura mara 80, yaani kwa sekunde 20. Kila mmoja ajifiche mpaka zamu yake, na aondoke sekunde tatu baada ya aliyemtangulia. Waulizeni watoto: kikundi cha watu tisa kitamaliza kuvuka baada ya sekunde ngapi? Wengi watasema 47. Waacheni wabishane mpaka waone kwamba aliye wa tisa huanza baada ya sekunde 24, na hivyo jibu ni 44.

Tano, liko dosari moja la kujihadhari nalo. Picha ya simu huja na karatasi yake nyeupe, na karatasi hiyo itafunika mandhari. Anayejua kuifuta aifute. Asiyejua, aache nusu ya chini ya jukwaa iwe nyeupe, achore miembe na tembe katika nusu ya juu. Wachoraji wa vitabu wamefanya hivyo siku zote.

Katika utaratibu huu mtoto amejua jukwaa kwa kuwa mtu wake anapita hapo, amejua mahali pa mavazi kwa kuwa amembadilisha yeye mwenyewe, na amejua mahali pa amri kwa kuwa mtu wake alikataa kutembea mpaka amri ikae sawa. Majina ameyapata njiani. Kama programu ni Pencil2D au nyingine yenye mstari wa wakati, njia itakuwa nyingine kidogo, lakini kanuni ni ile ile.

Twaongeza onyo juu ya kipanya. Katika kila kikundi tulichokitazama, mvulana mmoja au wawili wenye sauti kubwa walikikamata, na wasichana wakabaki kuelekeza kwa kidole. Mwalimu asiliache jambo hili lijitengeneze lenyewe. Kila mtoto amwingize mtu wake kwa mkono wake, na mtoto mwingine asimguse. Yule msichana wa dawati la nyuma aliyeuliza vidirisha vinafanya kazi gani alikuwa na haki ya kujibiwa kwa vidole vyake mwenyewe.

Na umeme? Umeme utakatika. Basi kazi ihifadhiwe kila mtoto mmoja anapomaliza, si mwisho wa kipindi. Tulipoteza kazi ya kikundi kizima kabla hatujajifunza hilo.

Pingamizi mbili

Wako wenzetu watakaosema kwamba njia hii ni ndefu mno, na kwamba mtihani hautauliza juu ya msafara bali juu ya majina ya sehemu za dirisha. Pingamizi hili si dogo, nasi hatulibezi, kwa kuwa mwalimu huhesabiwa kwa matokeo ya wanafunzi wake. Lakini tulipowapa swali lile lile la majina watoto waliofuata utaratibu huu, waliyajua majina machache zaidi ya wenzao waliokariri, na wakaweza kueleza kazi ya kila walilolijua. Mwalimu mwenye busara anaweza kutenga kipindi kimoja mwishoni kuyapanga na kuyaongeza majina. Atakuta yanaingia upesi, kwa sababu sasa yana mahali pa kukaa.

Wengine watasema: kwa nini tujisumbue, hali katuni za Kiswahili zilizotengenezwa kwa ustadi zipo? Ni kweli, zipo, nasi tunazifurahia. Ubongo Kids, iliyotengenezwa Dar es Salaam, imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kupitia televisheni tangu 2014. Mwalimu azitumie kazi hizo kila apatapo nafasi. Lakini kuangalia na kutengeneza ni mambo mawili. Mtoto anayeangalia huuliza, "Kisha ikawaje?" Mtoto anayetengeneza huuliza, "Ilikuwaje?" maana hawezi kumchora mpagazi kabla hajajua alivaa nini na alibeba vipi. Swali hilo la pili ndilo mlango wa historia.

Tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, vyuo vyetu vimefundisha kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Tulilitumia neno hilo kwa jembe na kwa karakana ya seremala. Kompyuta ilipokuja tukaliweka kando, tukarudi kwenye ubao na kunakili, labda kwa sababu chombo ni cha gharama nasi tunaogopa kitaharibiwa. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini chombo kilichofungiwa kabatini nacho kimekwisha kuharibika, ila tu hakuna aliyeandika taarifa.

Ndugu wanachuo, mkipangiwa shule mtakuta hali mbalimbali: wengine kompyuta kumi, wengine moja, wengine hakuna hata moja. Popote mtakapokuwa, madaftari yaliyojaa hayakosekani. Anzeni hapo. Na mtakapofika siku ya kuwasha kompyuta, kabla ya kuandika neno lolote ubaoni, waulizeni watoto wanataka nani atembee.

Ile picha yetu ya kwanza, yenye mtu mmoja aliyenakiliwa mara thelathini, bado tunayo. Huwa tunawaonyesha wanachuo wapya mwanzoni mwa muhula, kisha tunanyamaza, tukingoja mmoja wao aulize swali la mvulana yule. Mwaka jana tulingoja kwa muda mrefu.